Shimo la Kauri la Kambulo

Kama hujawahi kusimama kwenye shimo la kauri siku linapofukuliwa, usinihadithie habari za uvundo. Kauri ikitoka majini ina nyama ndani, na nyama ile haitoki kwa kubembelezwa. Unaizika mchangani miezi na miezi, ioze, iliwe na funza, libaki gamba tupu linalong'aa. Gamba hilo Wabengali wanalitumia kama fedha, na wake zao wanalivaa shingoni wakienda harusini. Hakuna anayeuliza limeoshwa na nani.

Kisiwani kwetu wanaoosha ni sisi wanawake, na hodari wetu alikuwa jirani yangu Kambulo. Alikuwa akitosa makuti kwenye maji mafupi, kauri zijishike zenyewe, kisha anayavuta pwani na kuyapukuta. Alikuwa na mashimo matatu nyuma ya nyumba. Meli ikija, anatoa kauri na kupokea mchele, na mchele huo ndio uliomvusha majira ya mvua, yeye na mama yake aliyepooza. Kwetu mpunga hauoti hata punje. Usipopata mchele melini utakula mashelisheli mpaka yaishe, kisha utabaki kutazamana na chungu.

Mwaka ule meli ilimleta Shihabu, mfanyabiashara wa Kibengali mwenye ndevu za hina na dharau nyingi. Desturi yetu ni ile ile: mgeni akitia nanga anaoa, akitweka tanga anaacha, na mwanamke wa kwetu haondoki kisiwani. Hakuna anayeona haya. Watoto wa kila rangi wamejaa kwetu na wote ni wetu. Basi Shihabu akawaruka wasichana wote wazuri, akaenda kumposa Kambulo. Tukacheka, tukasema mapenzi yamempofua. Kumbe macho yake yalikuwa kwenye mashimo.

Mtu yule alinitia kinyaa tangu wiki ya kwanza. Wali wa Kambulo alikula, kitandani kwa Kambulo alilala, na kila mkewe alipopita alijifukiza udi kama anayefukuza jini.

"Wewe mwanamke," alimwambia mbele yangu, "hata asali ukiigusa itaoza."

Kambulo alikuwa akikuna nazi, wala hakuinua kichwa. "Mbona sahani unairudisha tupu?"

Pepo za msimu zilipoanza kugeuka, Shihabu akataka mashimo yafukuliwe. Kambulo akamwambia bado miezi miwili, ndani mna nyama. Halafu kauri ni zake, anayezitaka alete mchele. Kwetu mali ya mke ni ya mke, hilo hata mtoto analijua. Shihabu hakubishana. Alikwenda kwa khatibu wa kisiwa, huyo anayetuswalisha na kutuhukumu, akadai mkewe alimpa kauri zote zawadi. Khatibu akataka mashahidi.

Mashahidi tulikuwa mume wangu, ndugu yake na mimi. Mkono mtupu haulambwi, na Shihabu hakuja mikono mitupu. Kila mmoja wetu alipata pande la hariri, badala ya mchele tuliotaka kuupata kwake kwa samaki wetu wakavu. Nilikuwa sijawahi kushika hariri. Nikaapa mbele ya khatibu, naye kichwani ana kilemba kipya cha hariri hiyo hiyo, kwamba nilimsikia Kambulo kwa masikio yangu akisema, zote nimekupa, mume wangu.

Kambulo akanigeukia. "Siku gani hiyo, shoga?"

"Siku ile," nikasema.

"Ile ipi?"

Khatibu akamwambia anyamaze, akahukumu kauri ni za Shihabu.

Mabaharia wakafukua. Nzi walikuwa wengi mpaka huwezi kufumbua mdomo. Kauri zilitoka zinachuruzika maji meusi, funza wanaanguka, na Shihabu, pua kaiziba kwa kilemba, anahimiza zifungwe vivyo hivyo kwenye makuti. Kambulo alimwambia mara moja tu kwamba mzigo huo haukai chini ya sitaha. Shihabu akamjibu kwa talaka, pale pale pwani, akapanda meli. Nyuma alimwacha mwanamke asiye na kauri wala mchele, na mama yake kitandani anauliza kuna nini huko nje.

Siku ya sita meli ikarudi. Yale maji ya kauri yalikuwa yamevuja hadi kwenye mapipa ya kunywa, na mabaharia wanatapika kuanzia tezi mpaka omo. Walikuwa wamemwambia nahodha achague, wao au mzigo. Wakaurusha wote pwani, na nahodha akasema hangoji, upepo unaisha. Shihabu akaja mbio mlangoni kwa Kambulo, rangi imemtoka. Jua likizipiga kauri mbichi, mng'ao unakufa na hazifai hata kuchezea bao.

"Zizike, mke wangu. Mwakani nitazifuata."

"Mkeo ulimwacha pwani," Kambulo akasema. "Shusha mchele. Wa kauri zote, kipimo cha kawaida. Bila mchele, jua hilo hapo."

Aliushusha. Gunia la mwisho alilibeba mwenyewe, kauri zikarudi mashimoni, kisha akaondoka na hatujamwona tena.

Mvua zikaja, mashelisheli yakaisha. Hariri haipikwi. Siku mwanangu mdogo aliposhindwa kusimama, nilimbeba mgongoni nikaenda kwa Kambulo na bakuli, nimeandaa maneno ya kuomba radhi njia nzima. Nilipofika nikanyoosha bakuli tu. Alichukua bakuli, akalijaza wali na samaki mpaka ukamwagika, akanirudishia.

Nilimlisha mtoto pale pale. Kilichobaki nikakila nimesimama ukutani kwa Kambulo, huku uvundo wa mashimo ukinipiga usoni, na nilikula mpaka nikalamba vidole. Watu husema uvundo ule ndio kitu kichafu kuliko vyote kisiwani. Mimi siku ile nilijinusa mwenyewe.