Beki Aliyeichagua Jamhuri

Beki wa kushoto kutoka Derry, mji ambako wengi hujihesabu watu wa Ireland, si wa Uingereza, hakuwa mtu wa maneno mengi. Kabla ya kila mechi ya Ireland Kaskazini, wimbo wa kumwombea Mfalme wa Uingereza ulipopigwa, aliinamisha kichwa, akavutavuta plasta ya kidole gumba, midomo kaifumba. Wesley, kipa aliyelala naye chumba kimoja tangu timu ya vijana, aliona na hakuwahi kuuliza. Leo alimkuta akikunja jezi polepole.

“Nimeamua kuichezea Jamhuri ya Ireland, Wes. Hata pasipoti yangu ni ya huko, ya Dublin.”

“Yaani miaka yote hii sisi tulikuwa nani wako?”

Beki akaiweka jezi kitandani. Akanyoosha mkono. Wesley akautazama, akaushika kwa nguvu, lakini neno la heri halikumtoka.