Mwalimu Aliyeanguka Mara Tisa

Kufikia mwaka 1998, Yekosofati Kirunda wa Bugembe alikuwa ameufanya mtihani wa kuandika wa wasaidizi wa wauguzi mara tisa, katika wilaya nne, na kuanguka mara zote tisa. Ndiyo sababu alikuwa mwalimu anayetafutwa kuliko wote kati ya Jinja na Iganga.

Hoja ya wanafunzi wake ilikuwa nyepesi. Mtu aliyefaulu ameuona mtihani mmoja tu, tena akishapata kazi huusahau. Kirunda alikuwa ameona tisa, na hakusahau kitu. Kila Jumamosi mchana, kwenye mabenchi ya hoteli ya chai ya Beldina kando ya barabara kuu, aliwasomesha wake wa askari magereza, wastaafu wa jeshi na yeyote mwingine aliyetaka kazi ya serikali ya kufunga vidonda na kupima homa. Waliongea Kiswahili kwa sababu hawakuwa na lugha nyingine ya pamoja, na kila mmoja alikivunja kwa namna ya kwao. Kumi na wanne waliopita mikononi mwake walikuwa tayari wamevaa sare. Wakikutana naye njiani walimwamkia kwa heshima, kisha wakauliza, "Mwalimu, na wewe lini?"

Yeye mwenyewe alikuwa na miaka kumi na mitano kwenye zahanati ndogo ya parokia, kibarua bila barua ya ajira wala matumaini ya pensheni. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Watoto aliowadunga sindano walilia wakiwa wameshafika nje, walipokumbuka.

Tatizo sasa lilikuwa umri. Matangazo ya kazi yalitaka mtu ambaye hajatimiza miaka arobaini na mitano, naye angeitimiza tarehe tatu Novemba. Mtihani wa Mbale ulipangwa tarehe ishirini na mbili Oktoba. Wa Jinja, katikati ya Novemba. Kwa hiyo Mbale ilikuwa mara yake ya mwisho.

Wanafunzi waliisikia habari hiyo kila mmoja kwa sikio lake: Mbale inatangulia Jinja. Bugembe waliamini kwamba maswali husafiri. Yakiulizwa Mbale leo, baada ya majuma matatu yatashuka Jinja yakiwa yamebadilisha shati tu.

"Afande mwalimu," alisema Wanyama, sajenti mstaafu aliyetaka kumalizia nguvu zake wodini, "wewe ndiyo skauti yetu. Enda, angalia adui, rudi na ripoti."

"Na mimi sitaki ripoti ya nusu," alisema Akello, mke wa askari magereza, aliyekwisha kuanguka mara mbili. "Ile ya Iganga ulileta maswali thelathini na mbili. Yale matatu ulisahau ndiyo yaliniangusha."

Kirunda aliomba radhi kwa yale matatu.

Alikuwa na njia yake. Vidole vya mikono miwili vina vifundo ishirini na vinane, ukivihesabu kwa uaminifu, na kila kifundo kilibeba swali moja. Mitihani ilipofika maswali thelathini na matano, yale saba ya ziada aliyaweka kwenye vifungo vya shati. Akitoka mtihanini hakusalimia mtu mpaka ameketi na daftari na kujipapasa kutoka kidole gumba hadi kitovuni.

Jumapili kabla ya safari, mkewe Docus alikuwa akimenya viazi vitamu uani, na Kirunda akizunguka mbele yake akinong'ona.

"Baba Phiona, simama kidogo. Mtihani wa mwisho, ule wa Tororo. Swali la kumi na tisa lilikuwa nini?"

Kirunda aligusa kidole. "Mgonjwa aliyeungua mkono ameletwa bila ndugu. Eleza hatua nne za kwanza. Alama nane."

"La ishirini?"

Akalitoa, na alama zake.

"Sawa. Ulijibu nini?"

Kirunda aligusa kifundo hicho, akagusa cha jirani. Jogoo alipita kati yao bila haraka.

"Nilijibu vizuri."

"Nimeuliza nini, sijauliza vipi."

"Nadhani hilo sikulifikia. Muda uliisha."

"Muda uliisha ukifanya nini?"

Docus aliweka kisu chini. "Wenzako wanakwenda kufanya mtihani. Wewe unakwenda kuuchukua. Mara tisa unawachukulia watu maswali yao, unawaachia wasahihishaji karatasi nyeupe, halafu unarudi hapa kuniambia wamekuonea."

"Watu kumi na wanne wamepata kazi, Mama Phiona."

"Najua. Wote wananisalimia. Lakini sikuolewa na hao kumi na wanne."

Asubuhi ya safari alimpa sweta la mitumba, zito, lisilo na kifungo hata kimoja. Kirunda alilitazama, akalivaa, akaenda zake.

Ukumbi wa mtihani ulikuwa wa shule, mlima Wanale ukijaza madirisha ya upande mmoja. Watu mia mbili na zaidi walikuwa wakigombea nafasi saba. Karatasi zilipogeuzwa, Kirunda alisoma swali la kwanza, na papo hapo kidole gumba cha kushoto kikajikunja chenyewe, kama mbwa anayejua saa ya kula. Alisoma la pili. Kidole kikajikunja tena. Alipofika la tano aliinua macho akaona jirani yake ameshajaza ukurasa mzima.

Alijaribu kuukalia mkono wa kushoto. Haikusaidia, vifundo vilikuwa vikihesabu chini ya paja. Akamkumbuka Akello na yale matatu yake, na Wanyama na ripoti yake, na benchi zima lililokuwa likimsubiri. Hapo akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya: aliigeuza karatasi na kuanza na swali la thelathini na tano, kisha la thelathini na nne, akirudi nyuma. Vidole vyake vilijua kwenda mbele tu. Vilihangaika kwa maswali mawili matatu, vikapotea hesabu, vikanyamaza.

Ndipo alipogundua kwamba majibu yote alikuwa nayo. Alikuwa ameyafundisha kila Jumamosi kwa miaka sita. Mtoto anayeharisha, jeraha lenye kutu, mama anayetokwa damu baada ya kujifungua: aliandika kama mtu anayewasimulia majirani zake mambo ya nyumbani. Alimaliza dakika kumi kabla ya kengele, akatoka nje, akaketi na daftari lake, na vidoleni hakukuwa na kitu.

Jumamosi hoteli ya Beldina ilijaa. Kalamu zilikuwa zimeshafunguliwa.

"Ripoti, afande," alisema Wanyama.

"Hakuna ripoti."

"Hakuna vipi?"

"Nilikuwa najibu."

Walimtazama kama watu walioambiwa kwamba padri amekimbia na sadaka.

"Mwalimu," Akello alisema polepole, "hata moja?"

Kirunda alifikiri kwa bidii. "La kwanza nalikumbuka, kwa sababu ndilo nililomalizia nalo. Andika jina lako kamili na wilaya unakotoka."

"Hilo hata mimi nalijua!" alifoka Wanyama. "Bwana, skauti anatumwa kuangalia adui, huyu ameenda kupigana peke yake!"

Waliondoka mapema, chai ikabaki. Akello peke yake alirudi Jumamosi iliyofuata, akiwa na kitabu cha uuguzi alichoazima, na kudai afundishwe kilichoandikwa humo, ukurasa kwa ukurasa, maana maswali yenyewe yamekataa kusafiri.

Majina ya waliofaulu Mbale yalibandikwa mwishoni mwa Novemba. Kirunda alifika mbele ya ubao na kwa mazoea akaanza kutafuta majina ya wanafunzi wake, mpaka akakumbuka kwamba safari hii hakuleta mtu. Akaanza upya, juu kabisa. La nne lilikuwa Kirunda Yekosofati, Jinja. Alilisoma, akalisoma tena, akaweka kidole juu yake, na kidole kikakaa hapo.

Nyuma yake watu walianza kusukumana. Mlinzi alikuja.

"Mzee, hilo ni jina lako?"

"Nadhani ni langu."

"Basi kama ni lako toa mkono, wengine nao waone yao."