Kufuli Tatu Kwenye Mlango wa Mke Wangu

Mke wangu alikuwa mratibu wa jambo ambalo hata sasa nalielewa nusu. Mimi niliishia darasa la saba, nikaingia kwenye useremala. Yeye alisoma mpaka akaajiriwa na shirika moja kutunza kompyuta zao. Akirudi nyumbani Kaloleni alinisimulia kazi yake huku akimenya ndizi, nami nilisikiliza kwa sababu nilipenda anavyosimulia.

Ilikuwa miaka ile serikali ilipoachia biashara. Dukani palipokuwa na sabuni ya aina moja pakawa na aina kumi, na mji uliokuwa hauna intaneti ukapata kampuni tatu: moja Mnara wa Saa, moja Sekei, moja Njiro. Kila moja ilijitangaza kuwa ya kwanza Arusha. Lakini hazikuwa zimeungana. Mtu wa Sekei akimwandikia barua pepe mtu wa Njiro, barua ilipanda kwenye setilaiti, ikateremka Ulaya, ikazunguka huko kutafuta njia, kisha ikarudi kwa mtu ambaye ungeweza kumpigia mluzi akageuka.

"Ni kama kupanda ndege kwenda kuomba chumvi kwa jirani," alisema mke wangu.

Alitaka nyaya zao zikutane mahali pamoja hapa mjini, na wakubaliane kanuni za njia. Aliniambia kila mtandao huwatangazia wenzake: watu hawa wako kwangu, barua zao zileteni huku. Wenzake humwamini. Dunia nzima ya kompyuta huenda hivyo, kwa kuaminiana. Nilimwambia kwa hapa kwetu ajiandae kuchoka. Hakucheka. Wiki ileile walikuwa wamejaribu waya wa muda, na wa Njiro wakatangaza kwamba kila mtu duniani yuko kwao. Barua za mji mzima zikakimbilia Njiro, zikafia huko. Walipoulizwa, walisema wametangaza kwa nia njema.

Basi akaandika kanuni. Kila mtu atangaze wa kwake tu. Asiyejulikana asiaminiwe. Anayetaka kukata waya aseme kwanza. Ni mambo ambayo hata wapangaji wa nyumba moja huyajua, lakini ilibidi yajadiliwe vikao na vikao, na vikao vilifanyika sebuleni kwangu kwa sababu hakuna aliyekubali kukanyaga ofisi ya mwenzake. Kwenye kanuni hawakupinga kitu. Walichopinga ni jina la nani litangulie kwenye karatasi. Mwishowe zikachapwa nakala tatu, kila moja ikianza na jina la mwenye nayo, wote wakatia sahihi wakipongezana kwa umoja.

Baada ya hapo walianza kugombana kisanduku cha kuunganishia nyaya kikae kwa nani. Mke wangu akaugua kifua, na kabla mgogoro haujaisha, masika yakamchukua.

Wakuu wote watatu wa kampuni walikuja msibani. Wakakaa benchi moja chini ya turubai, jambo ambalo mke wangu akiwa hai hakuwahi kulipata. Kila mmoja alileta shada lenye utepe wa kampuni yake, na kila mmoja aliposimama kusema neno alieleza kwamba marehemu alikuwa karibu zaidi na wao. Pale pale, mchungaji akisikia, wakaamua kumuenzi: kisanduku kitakaa nyumbani kwake, kwenye chumba alichokuwa akifanyia kazi. Waombolezaji wakaitikia amina. Mimi nilikuwa nimechoka kulia, nikatikisa kichwa, wakachukulia ni ndiyo.

Wakaleta nyaya, wakaweka kisanduku juu ya meza yake. Kisha wakaniomba, kwa kuwa mimi ni fundi, nifunge mlangoni vyuma vya kufuli tatu, kila kampuni na ufunguo wake, ili asiingie mmoja bila wenzake.

"Na mimi?" niliuliza.

"Wewe mzee ni wa nyumbani," alisema kijana wa Njiro. "Ukihitaji kuingia, simu moja tu."

Wakaniomba niahidi kwamba mlango hautafunguliwa ila kwa funguo zote tatu. Nikaahidi. Ndani ya chumba hicho kulikuwa na kabati nililomtengenezea mke wangu tulipooana, na nguo zake zote.

Siku ya kugawa nguo za marehemu, dada zake walishuka kutoka Nkoaranga na vikapu. Mkubwa wao ndiye aliyekuwa na neno. Marehemu alimkabidhi kwa mdomo wake nani apewe nini. Ilibidi wamalize na kuondoka kabla ya mvua ya mchana, maana barabara ya kwao ikilowa gari haipandi, na kwao nguo za marehemu zikiahirishwa watu huanza kunong'ona kwamba mume amezificha.

Shemeji huyo mkubwa akasimama mbele ya mlango, akazitazama kufuli.

"Shemeji, dada yangu alikuwa mke au benki?"

Nikamweleza.

"Wewe si fundi? Bawaba ziko upande wako. Toa skrubu."

"Niliahidi."

"Ulimwahidi nani? Kufuli?"

Wadogo zake wakacheka, kisha wakakumbuka wako wapi wakanyamaza. Nilijua zile bawaba, nilizifunga mwenyewe. Lakini mtu akikosa mke, akikosa na neno lake, sijui hubaki na nini. Nikaenda kupiga simu.

Mama wa Mnara wa Saa alisema atakuja iwapo wa Sekei watakuja. Wa Sekei walisema hawawezi kufika kabla ya wa Njiro, itaonekana wanajipendekeza. Kijana wa Njiro alikuwa amekwenda Terrat kupandisha mnara na ufunguo umo mfukoni mwake; akasema anageuza gari. Nilirudi kukaa na mashemeji kwenye korido. Mawingu yalikuwa yameshaufunika Meru. Kila gari lililopita, mdogo wao alichungulia.

Walifika karibu pamoja, maana inaelekea walisubiriana kona ya barabara.

"Shikamoo mama," kijana wa Njiro alimwambia shemeji huku akihema. "Poleni na msiba."

"Marahaba. Fungua."

Kila mmoja akafungua kufuli yake huku akiiangalia ya mwenzake. Mlango ukafunguka. Harufu ya nguo zake ilitoka kwanza, na sitaieleza. Shemeji akafungua kabati, akaanza kutoa vitenge na kuvipanga mezani, juu ya kisanduku.

"Mama, hapo hapana!" alipiga kelele bwana wa Sekei. "Mashine hiyo inapata joto sana, itaunguza nguo!"

Shemeji akaweka kiganja juu yake.

"Baridi kama jiwe la mtoni."

Wote watatu wakainama. Hakukuwa na taa hata moja iliyowaka. Waya wa umeme ulikuwa umekunjwa vizuri, umefungwa kwa kamba yake ya dukani.

"Si ninyi mlisema mtawasha?" mama wa Mnara wa Saa aliuliza.

"Sisi tulingoja ninyi mtangaze kwanza," alijibu bwana wa Sekei.

"Tutangaze kwanza kwa nini? Tunaomba kwenu?"

"Lakini mmeweka bango pale barabarani, kwamba mmeunganisha Arusha!"

"Na ninyi je? Mna mteja mliyemtoa kwenye gazeti anasifu kasi!"

"Alisifu kweli," alisema bwana wa Sekei, kama mtu aliyeonewa. "Alisema ameona tofauti kubwa."

Mimi ni mpole, nadhani kupita kiasi. Lakini siku hiyo nilikasirika. Walikuwa wamemfungia mke wangu nguo zake pamoja na kitu kilichokufa, wakakiita heshima.

"Hamkumpa alichotaka alipokuwa hai," niliwaambia. "Alipokufa mkampa mashada. Leo washeni, au mbebe chombo chenu mwondoke. Sina neno lingine."

Kwa mfiwa hakuna rufaa. Kijana wa Njiro akachomeka waya, taa ikawaka, feni ikaanza kunguruma. Kila mmoja akapiga simu ofisini kwake awaambie mafundi watangaze watu wao, na kila mmoja akashika simu sikioni bila kusema neno, akiwatazama wenzake.

Shemeji alikuwa ameshaokota kufuli zote tatu. Akazitia ndani ya kikapu, akazifunika kwa sweta.

"Nazipeleka Nkoaranga," alisema. "Ninyi endeleeni kutazamana."

"Mama, hizo ni mali ya kampuni!"

"Nitahesabu. Nikifika tatu, wote mseme kwa pamoja. Mkishindwa hata hilo, basi mlisomea nini huko?"

Akahesabu. Wakasema "tangaza" kwa pamoja, kama watoto wa darasa la kwanza. Taa za pembeni zikaanza kupepesa, moja, kisha zote. Wakatazamana tena, safari hii bila chuki, wakapeana mikono juu ya vitenge. Mama wa Mnara wa Saa akawa analia, na naamini machozi hayo hayakuwa ya kampuni.

Nikawaambia kisanduku kibaki, kufuli zisirudi. Ufunguo utakuwa mmoja, wa kitasa cha mlango, nitakaa nao mimi. Waliguna kidogo, wakakubali.

"Sasa mtu wa Sekei akimwandikia wa Njiro," nilimwuliza yule kijana, "barua inapita wapi?"

"Inapita hapa tu, mzee. Ndani ya chumba hiki."

Nilibaki nikizitazama zile taa. Nje matone ya kwanza yalianza kugonga bati, na dada zake wakaharakisha kufunga vikapu. Shemeji aliinua koti la baridi la mke wangu, lile la kijivu, akauliza kama limwendee mdogo wao au nibaki nalo.

Nikamwambia nibaki nalo.