Fundi wa sinema na kipande cha Nyamoita

Saa tatu asubuhi, na Land Rover ya sinema imeshaiacha Oyugis. Nyuma, jenereta inagongana na milingoti ya kutundikia kitambaa cheupe. Mbele, Fanuel Nyarangi amepakata mkebe wa bati wenye sinema moja, ameukumbatia kama mtu anayepeleka kuku kwa wakwe.

"Umemwambia yule mama?" dereva wake, Nchagwa, anauliza.

"Bado."

"Sasa mzee, utamwambia lini? Akishaketi?"

Fanuel anatazama mashamba yakipita. Ana miaka hamsini na minne. Ishirini na nne kati ya hiyo ameimalizia ndani ya gari hili, akizunguka Homa Bay na Migori na sinema za bure zilizochanganywa na matangazo ya sabuni. Mshahara ni shilingi elfu tatu na mia mbili kwa mwezi. Safari hii ya Agosti 1996 ndiyo ya mwisho. Kampuni iliyomwajiri inauza gari, maana kila soko sasa lina kibanda cha video.

Kule Nairobi watu walizoea kutazama sinema wakiwa wameketi ndani ya magari yao. Huku gari lilikuwa moja tu, nalo ndilo lililoleta sinema. Watu walikuja kwa miguu, viti vichwani.

"Mvua ikinyesha hawakuondoka," anasema Fanuel. "Walijifunika na vile viti wakaendelea kutazama. Siku hizi wanalipa kuingia chumba cha mabati, wanaangalia watu wakipigana mateke."

Anayemngoja kwenye machimbo ya Macalder ni Mellen Nyaboke, mwosha mchanga wa dhahabu. Alituma ujumbe kwamba kabla gari halijauzwa, aonyeshwe ile sinema ya bahili, aliyoipenda utotoni kuliko zote.

Ilipigwa picha sokoni Oyugis mwaka 1967. Bahili anajifanya kipofu, anapitisha mkono kwenye kapu la mwanamke kuiba ndizi. Mwanamke huyo hakuwa mwigizaji. Alikuwa Nyamoita, mamake Mellen, na hakuna aliyemweleza kuwa ni mchezo. Alimzaba mwizi wake kofi la kweli, kisha akaigeukia kamera akicheka.

Nyamoita alifariki mwaka 1975. Hakuna picha yake nyingine popote.

"Sauti yake bado ninaikumbuka," Mellen anamwambia Fanuel gari linapofika Macalder. "Uso ndio umenitoroka. Nikijaribu kuuona, unakuja wa shangazi."

Giza linapoingia uwanjani Macalder, Mellen ameketi mbele kabisa na nguo yake ya kanisani. Mara mbili Fanuel anamwendea, na mara mbili anaishia kumuuliza kama kiti ni imara.

Sinema inaanza. Bahili anapapasa na fimbo. Mkono unaingia kapuni. Picha inaruka. Bahili ameshika shavu, analia. Kofi halipo, mwanamke hayupo. Kuna kapu, na kisigino kinachotoka pembeni.

Hakuna anayecheka. Mellen anageuka nyuma.

"Mzee Nyarangi, mama amepita?"

Fanuel anazima mashine.

"Ni mimi," anamwambia. "Kila nilikokwenda, wakifika hapo wanapiga kelele, 'Rudisha! Rudisha!' Nami narudisha. Pakachakaa hapo kuliko kwingine. Sinema ikikatika, unatoa palipoharibika, unaunga. Mwanzo nilitoa kama urefu wa kidole. Nikaendelea hivyo hivyo, mwaka huu, mwaka ule."

"Na hivyo vipande?"

"Nilitupa."

"Wapi?"

"Popote nilipokuwa. Awendo. Kendu Bay. Sikumbuki."

"Hukujua ni mtu?"

"Nilijua ni sinema, mama."

Mchimbaji mmoja anaita kutoka gizani, "Wazee, tunaangalia ama tunaenda kulala?"

Mellen anarudisha uso mbele. "Washa," anasema. "Hawa wametoka mbali."

Anatazama mpaka mwisho, pamoja na matangazo ya sabuni.

Hiyo ni miaka miwili iliyopita. Gari lilinunuliwa na mwoka mikate wa Rongo, ambaye alilipaka rangi ya njano. Nchagwa alirudi kwao Kuria kulima tumbaku. Mwaka jana mvua ya mawe iliiharibu yote. Ule mkebe, na sinema ndani yake, uliuzwa pamoja na vyuma vikuukuu.

Fanuel anatengeneza redio Oyugis, kwenye kibanda anachotumia pamoja na mshona viatu. Ameandika barua mbili Nairobi kuuliza kama kuna nakala nyingine ya sinema ile. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa mstari mmoja, kwamba haijulikani. Anasema akipata nauli ataenda mwenyewe, aulize kwa mdomo.

Mellen bado anaosha mchanga Macalder. Hajaambiwa habari za barua. Hawajaonana tena.