Maji Niliyoyamimina Kileleni

Sikumchukia binamu yangu. Nilimwonea wivu, na wivu wa mtoto wa darasa la tatu hauna adabu hata kidogo.

Baba alikuwa mlinzi wa msitu juu ya Molo. Kila mwisho wa mwezi alipanda kilele kimoja cha Mau ambacho hakuna aliyekijali, tope tupu na mafungu ya nyasi, kwenda kupima mvua iliyoingia kwenye mkebe wa serikali. Macho yake hayakuona tena vitu vya karibu, kwa hiyo mimi ndiye niliyemsomea namba za kijiti cha kupimia. Nilikuwa macho yake, na nilijivuna kwelikweli.

Kisha shangazi akafariki, na mwanawe akaja kutoka Gilgil kuishi nasi. Alikuwa darasa la sita. Mwezi huo baba akasema, "Leo atasoma huyu. Wewe beba viazi na maji." Basi, hivyo tu. Nikawa mpagazi.

Kwenye tope mtu hukanyaga vichwa vya nyasi, si katikati, na baba alimshika binamu mkono kila hatua. Mimi je? Nilizamisha mguu mara mbili, makusudi. Baba hakugeuka.

Juu, wakakaa kula viazi, baba akimwonyesha ziwa la Nakuru kwa mbali. Sauti aliyoitumia ilikuwa yangu, ile ya kunionyesha mimi. Nikaenda kwenye mkebe, nyuma ya migongo yao, nikamimina humo chupa nzima ya maji.

Binamu akatumbukiza kijiti, akakitoa. "Nne, mjomba."

"Nne? Leo tope halijafika hata kifundoni. Mvua ya nne imetoka wapi?"

"Ni nne, mjomba. Naapa."

Baba akamnyang'anya kijiti, akanipa. "Soma wewe."

Kilikuwa kimelowa hadi nne. "Moja," nikasema.

Akaniambia niandike moja kitabuni, nikaandika. Cha ajabu, uongo wangu ndio uliokaribia ukweli. "Mwezi ujao utasoma wewe," akasema, bila kumtazama mpwa wake.

Wakati wa kushuka baba alitangulia kutafuta njia. Binamu, ambaye sasa alibeba kikapu cha viazi na chupa, akanisogelea. "Chupa ni tupu," akasema polepole, "na hakuna aliyekunywa."

"Utamwambia?"

"Hapana. Akijua, hatamwamini tena mtu wa kumsomea."

Mimi sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikuwa nimejifikiria mimi tu, tangu asubuhi. Na badala ya kuona haya, wivu ulinipanda upya, mbaya kuliko ule wa kwanza, kwa sababu mgeni wa wiki chache alikuwa anampenda baba yangu kuliko nilivyompenda mimi.

Tulifika penye tope zito. Baba akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, hakusema ni wa nani. Binamu akanisukuma mbele niushike.