Nilimlisha Baba Kabichi kwa Sababu ya Protini

Nimekosa, tena kwa kujifanya najua. Sina wa kumlaumu. Nakuambia wewe kwa kuwa hunijui, maana hapa mtaani kwetu Galbet nimeshachekwa vya kutosha.

Baba yangu ni mfugaji wa ngamia, na ana saratani ya tumbo. Kiswahili chake ni cha sokoni, kwa hiyo kliniki mimi ndiye mkalimani. Siku ya majibu daktari alisema, "Uvimbe umekutwa na protini fulani, tena nyingi. Hiyo inatuonyesha ugonjwa unaweza kwenda vipi na dawa ipi itamfaa." Akaniuliza kama nimeelewa. Nikaitikia kwa kichwa kama profesa!

Kumbe nilikuwa nimeshika neno moja tu. Shuleni nilifundishwa kwamba protini ni nyama, maziwa na mayai. Nikamgeukia Baba nikamwambia kwa Kisomali, "Nyama na maziwa ndiyo yanayokumaliza. Mwisho leo."

Jamani! Mzee aliyelelewa kwa maziwa ya ngamia! Nikamkataza muuza maziwa asikanyage mlangoni kwetu. Asubuhi chai ya rangi, mchana na jioni ugali na kabichi.

"Aabo," akaniambia, maana kwetu baba humwita mtoto kwa jina lilelile analoitwa yeye, "maisha yangu yote nimekula mbuzi. Sasa unanipa chakula cha mbuzi?"

Sikulegea. Siku moja nilimkuta amejifunika shuka, anatafuna. Kufunua, mkebe wa nyirinyiri, nyama ya ngamia iliyokaangwa kwa samli, kaletewa na jirani. Nikampokonya! Nikaona mkono wake ulivyokonda, nikasema ni ugonjwa.

Tuliporudi kliniki kuanza dawa, mzani ulimshtua daktari. "Mzee amepatwa na nini?"

Nikajibu kwa fahari, "Daktari, protini yote tumeiondoa!"

Daktari akavua miwani. "Dada, protini hiyo iko kwenye seli za saratani, haiko kwenye sufuria. Tena ilikuwa habari ya afadhali, kwa sababu ipo dawa inayoilenga. Lakini siwezi kumpa akiwa dhaifu hivi. Mlishe kwanza."

Wallahi, nililia palepale! Dawa ipo, Baba yupo, na kizuizi ni mimi.

Baba akauliza mwenyewe, "Daktari, maziwa mimi nakunywa?"

"Kunywa, mzee. Na nyama ule."

"Alhamdulillahi! Kansa mimi hapana ogoba. Naogoba huyu msichana."

Alirudisha nguvu, akaanza dawa kwa kuchelewa. Kama kuchelewa huko kumemgharimu hatujui bado, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Nikimmiminia maziwa huniuliza kwanza, "Umemuuliza daktari?" Yeye hucheka. Mimi siwezi.

Wewe unayemtafsiria mzazi wako, ukiulizwa kama umeelewa, acha kutikisa kichwa. Kama hujaelewa, fungua mdomo useme hapana, hata kama kliniki nzima itakucheka!