Makapi Yenye Mwenyewe

Mume wangu alistaafu polisi zamani, lakini hapa Rukoki mimi bado naitwa bibi ya afande. Afande mwenyewe siku hizi ni wa kuku. Anawaamrisha kutwa na hawamsikii. Mimi jina limenigandia na, nisidanganye, nilikuwa nalipenda. Nalitaja mapema kwa sababu limo ndani ya aibu hii mwanzo mpaka mwisho.

Nina tanuri la mikate nyuma ya nyumba. Miaka yote nilichoma kuni za mkaratusi, na kuni zilikuwa zinakula mikate kabla ya wateja. Basi siku moja tukaitwa Bulembia, sisi wenye biashara ndogondogo, tufundishwe kupunguza gharama kwa kutunza mazingira. Nilikwenda kwa ajili ya chakula cha mchana. Mwalimu alikuwa binti mwembamba, rika la kitindamimba wangu, na nilimdharau mpaka saa nne. Saa nne akaniuliza, mbele ya watu wote, baada ya kutoa mkate wa mwisho tanuri langu linakaa na joto mpaka saa ngapi. Linakaa mpaka jioni. Miaka kumi na zaidi nilikuwa nauacha moto upoe bure kama mtu asiye na akili.

Nilirudi nyumbani nimekasirika, na hasira yangu ni ya kufanya kazi. Nikaziba nyufa za tanuri kwa udongo na majivu. Mlango uliokuwa umepinda nikaunyoosha. Nikaanza kuoka kwa zamu: mikate kwanza, skonzi joto likishuka, mwisho kabisa karanga za kukausha, bila kuongeza hata kijiti. Maji ya kuoshea trei yakaenda kwenye sukuma wiki. Kuni zikapungua mpaka yule anayeniletea akauliza kama nimehamia kwa mwenzake. Hapo nikashikwa na uroho. Uroho wa kupunguza nao ni uroho, ila unavaa nguo nzuri.

Yule binti alikuwa ametupa karatasi yenye safu tatu. Kinachotupwa. Anayekitupa. Anayekiokota. Tuzunguke tunakoishi, tuone kitu gani kinatupwa ambacho sisi tunakinunua, tujaze. "Safu ya tatu ndiyo watu wanaisahau," alisema. Mimi sikuisahau. Nilifanya baya zaidi, niliijaza.

Kule Mubuku kuna kinu cha mpunga, wenye mashamba ya kukodi wanapeleka mavuno yao hapo. Nyuma ya kinu kulikuwa na kilima cha makapi, yale maganda makavu ya mpunga, upepo ukivuma yanaingia mpaka kwenye sufuria za majirani. Fundi mmoja wa kuchomea vyuma hapa Kasese aliniambia anaweza kunitengenezea mdomo wa tanuri unaochoma makapi matupu. Nikaenda kwa mzee mwenye kinu.

"Mzee, haya makapi unayafanyia nini?"

"Inanisumbua tu. Beba yote, lakini uwanja ibaki safi."

Pembeni alikuwepo mama mmoja akifagia, kitambaa kimefungwa puani. Nilimjua kwa sura. Ni mjane wa askari, wa kutoka kaskazini, aliyebaki huku mume alipokufa na nyumba ya kambini ikachukuliwa. Kati yangu na yeye lugha ilikuwa moja tu, Kiswahili cha kambi. Mzee akamwita.

"Mama, kuanzia leo makapi yote ni ya bibi ya afande. Utamujazia kwa magunia."

Yule mama alinitazama, akatazama kilima, akatazama ufagio wake.

"Ndiyo," akasema.

Nikatoa karatasi yangu palepale. Kinachotupwa: makapi. Anayekitupa: kinu. Anayekiokota: hakuna. Niliandika "hakuna" nikiwa nimesimama hatua tano kutoka kwake, naye ameshika ufagio.

Mdomo wa chuma ukafanya kazi vizuri sana. Makapi yanashuka yenyewe kwenye mteremko, yanawaka, na majivu yake wakulima wanayataka. Kuni nikaziacha kabisa. Kila Jumanne na Ijumaa nilikwenda Mubuku na pikipiki ya mizigo, nikakuta magunia yamejazwa, midomo imeshonwa kwa katani, yamepangwa kivulini. Kazi safi. Mara nyingine nilimwambia yule mama kwamba hata mimi siwezi kushona hivyo. Nikampa mkate mmoja. Mkate wa jana, ule usiouzika. Aliupokea kwa mikono miwili na magoti yamekunjwa kidogo, akasema, "Ndiyo, bibi ya afande," nami nikaondoka najiona mtu mwema.

Binti wa semina alikuja kuona tanuri langu, akafurahi, akaniomba nikaseme mbele ya wengine kule Bulembia. Loo, nilivimba. Nilivaa gomesi, gauni langu la kuendea harusi. Nikasimama nikasema taka haina mwenyewe, anayeiona kwanza ndiye mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Binti yeye alikuwa anasoma karatasi yangu.

"Mama, hapa umeandika hakuna. Una uhakika?"

"Kabisa. Nimeona kwa macho yangu."

Siku ile ile, nikiwa bado na gomesi, nilimkuta mume wangu ameinama bandani, anakwangua sakafu na kulaani. Nikamwuliza kuna nini.

"Sina ya kutandikia kuku. Wanalala kwa matope. Yule mama ya kinu haiuzi tena makapi kwa sisi wengine, yote inaingia kwa tanuri yako."

"Mama gani anauza makapi?"

"Ule mujane. Miaka yote nanunua kwake. Watu ya kuchoma matofali nao wananunua kwake."

Nikacheka. Nilimwambia makapi ni ya kinu, yule mama ni mfagiaji tu, kazi yake ina mshahara. Akanyooka polepole, mkono kiunoni, akanitazama jinsi alivyokuwa akitazama watu walioletwa kituoni.

"Mushahara gani? Anayefagia kinu ndiye mwenye makapi. Iko hivyo tangu zamani, kwa kila kinu. Yeye anafagia, makapi inakuwa yake, anauza, anakula. Wewe hukujua?"

Sikujua. Miaka yote nimekula wali wa Mubuku na sikujua. Nilihesabu Jumanne na Ijumaa zangu. Wiki sita yule mama alifagia, akajaza, akashona, akanipangia kivulini mshahara wake mwenyewe niubebe, nami nikamlipa mkate uliolala.

"Kwa nini hakusema?" nikauliza. Sauti ilitoka ya ukali, ndiyo tabia yangu, nikiona aibu nafoka.

"Aseme kwa nani? Kwa bibi ya afande?"

Hapo ndipo uso uliponishuka. Kwa sababu hili nililijua. Nimeishi kambini miaka ishirini. Kambini "ndiyo" si kukubali. "Ndiyo" ni nimesikia amri. Mke wa askari wa chini habishani na mke wa mkubwa. Anaitika, halafu anakwenda kulia kwake akiwa amefunga mlango. Mimi mwenyewe nililia hivyo nilipokuwa mke wa askari wa chini. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wanasema, lakini mimi hiyo njaa niliijua na bado nilimpita.

Kesho yake nilikwenda kwa mzee mwenye kinu kumfokea. Akashangaa kweli. "Nilizani umemuchukua pamoja na makapi. Nilizani unamulipa." Mimi nilidhani analipa yeye. Tukasimama tukatazamana, watu wazima wawili, kila mmoja na dhana yake, na uwanja umejaa vumbi. Mfagiaji alikuwa ameondoka siku mbili kabla. Kivulini yalikuwepo magunia yangu ya mwisho. Yameshonwa.

Chumbani kwake hakuwepo. Mwenye nyumba alisema kodi ya chumba ilimshinda, amekwenda Bwera, ameambiwa kuna kinu cha kahawa kinachotafuta mtu.

Nilioka kabla usiku haujaisha, nikachagua mkate mmoja mzuri, nikaufunga ungali moto, nikapanda gari la Bwera. Njiani nilipanga maneno. Nitamwambia arudi. Makapi ni yake, nimeongea na mzee, mimi nitanunua kwake kama mume wangu, kama watu wa matofali. Tanuri litabaki nafuu hata hivyo, maana makapi ya kununua bado yanashinda kuni. Nitaomba msamaha. Hilo la mwisho nililirudia mara nyingi kwa sababu sijazoea.

Kinu nilikipata nyuma ya soko. Alikuwa uani, anafagia maganda ya kahawa, kitambaa kilekile puani. Karibu naye gunia moja limejaa, bado halijashonwa. Aliinua macho akaniona getini.

Hakunisalimu. Aliweka ufagio chini, akaenda haraka mpaka kwenye gunia, akakaa juu yake. Akashika kingo zake kwa mikono miwili.

"Hii ni yangu," akasema. "Muzee ya hapa alisema mbele ya watu. Iko na mashahidi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, hata kwa matusi, na matusi ningeyabeba. Sikujiandaa kwamba mtu aniogope. Nilisema yote palepale getini, kwa fujo, bila mpangilio niliopanga. Nikasema sikujua. Nikasema nilipaswa kujua. Nikasema makapi ya Mubuku ni yake na kinu kinamngoja, nami nitasimama kwenye foleni kama wengine. Nikasema, "Mama, nisamehe." Nikanyoosha mkate, kwa mikono miwili, magoti nimeyakunja, nikiwa na unene wangu wote.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Alitazama mkate, akanitazama mimi, uso wake hauna hasira wala kitu kingine nilichoweza kukisoma.

"Ndiyo, bibi ya afande," akasema.

Hakuinuka juu ya gunia.